Swali la Moyo, Pande Mbili za Ziwa

Jumatatu, 3 Juni. Lituhi
Kaya sita leo, zote za ufukweni. Mgongo unauma. Waliochaguliwa ni sita, nimepima kumi na moja. Dk. Salma, kiongozi wa utafiti wetu, hapendi. Anasema aliyepatikana kwa bahati nasibu ndiye anayepimwa, wengine wanatuharibia hesabu. Lakini mama wa watu ameshanyoosha mkono. Unamwambiaje aukunje? Nimewapima hao watano pembeni, sikuwaandika popote.

Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa aliuliza tunatafuta nini hasa. Nikamweleza. Ziwa moja, nchi mbili. Wenzetu upande wa Malawi wanauliza maswali haya haya na kupima vilevile, presha, viuno, sukari. Samaki ni walewale, ugali wa muhogo ni uleule. Tunataka kujua kama moyo unaumwa sawa, na kama si sawa, kwa nini. Akafikiri, akasema mkimaliza mje mtuambie nani kashinda.

Wiki ya tano hii. Naikumbuka zahanati yangu ya Mpepai. Foleni yangu ya asubuhi, watoto wenye kikohozi. Huku ni kutembea tu.

Jumatano, 5 Juni. Lituhi
Swali la chumvi. Mzee mmoja wa mitumbwi alijibu kwamba anakula kidogo sana. Mkewe aliyekuwa jikoni akacheka mpaka akakaa chini. Nimeandika jibu la mzee, ndivyo utaratibu unavyotaka. Kicheko cha mkewe hakina mahali pa kuandikwa.

Presha ya mzee ilikuwa juu. Hakuwa na habari. Nimempa karatasi ya rufaa.

Jumanne, 11 Juni. Mbinga
Tumepanda milimani. Baridi. Nimelala na sweta. Awamu ya pili ni ya wakulima, tuwalinganishe na wenzao wa vilimani kule ng'ambo.

Orodha ya kaya za Ukata imetoka. Jina la nane: Ditram, kaka yangu. Bahati nasibu haina adabu. Nimemwambia Dk. Salma kwamba siwezi kumpima ndugu yangu wa damu. Amekubali, atatafuta mtu mwingine.

Sikumwambia mengine. Nayaandika hapa yapumue.

Baba alianguka uani, siku tatu baada ya kunywa kangara, pombe ya asali, kwa mdogo wake, Baba mdogo Kolman. Wiki ileile walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa shamba. Alipofariki, Ditram alisema Kolman kamroga. Ukoo ukasikia, kijiji kikasikia. Miaka kumi na moja sasa. Kolman anakaa ng'ambo ya kijito, unauona moshi wa jiko lake ukiwa uani kwetu. Hakuna anayekwenda. Hata misibani anakaa peke yake.

Mimi nilikuwa Songea, chuo cha uuguzi, mwaka wa mwisho. Nilifika baada ya mazishi.

Mimi ni muuguzi. Siamini kwamba mtu anaweza kumwangusha mwenzake kwa kikombe cha pombe safi. Lakini sijamsalimia baba yangu mdogo miaka kumi na moja. Ditram anaamini, basi ana sababu. Mimi sikuamini, na sikusalimia. Hiyo ni mbaya zaidi.

Jumamosi, 15 Juni. Ukata
Nimekwenda kwa Ditram kama dada, bila mashine. Kahawa imeanza kuiva mistari ya chini. Wifi Agnella alinipikia vizuri. Ditram amenenepa usoni. Macho mekundu. Anasema kichwa kinamgonga asubuhi, anameza dawa za maumivu za dukani, kinatulia.

Nikamwambia watu wa mradi watakuja. Akasema hapimwi. Mtu anayetafuta ugonjwa ataupata, alisema, na yeye hana nafasi ya ugonjwa mpaka kahawa iishe. Agnella aliniangalia kwa macho ya kuomba. Kaka ni kaka.

Nimerudi na hasira. Nimejikasirikia mimi.

Alhamisi, 20 Juni. Mbinga
Kikao. Dk. Salma ametuonyesha nusu ya matokeo, pande zote mbili kwenye ukuta mmoja. Ni mwanamke wa Tanga, mpole, ila kwenye hesabu hana mchezo.

Nilidhani tutaachana sana. Hatuachani sana. Presha zinakaribiana. Viuno vinakaribiana, vya akina mama wa mjini vimetangulia kotekote. Wanaume wa kwetu wanavuta zaidi kidogo. Chumvi, wote tunadanganya sawa.

Kitu kimoja kimeachana kabisa: historia ya familia. Kule watu wengi wamesema baba au mama alikuwa na presha, au moyo, au kiharusi. Kwetu karibu hakuna. Vijana wa takwimu walifurahi. Mmoja alisema huenda huku damu ya ukoo ni safi zaidi, kwamba kwetu ugonjwa unaletwa na chumvi na pombe, haurithiwi. Dk. Salma amesema tukiamini hivyo ripoti itaandikwa hivyo, na mipango ya kliniki itafuata ripoti.

Kuna kitu hakikai sawa. Sikijui jina.

Ijumaa, 21 Juni. Mbinga
Nimekijua.

Nimechukua dodoso tupu, nikajijaza mwenyewe kama tulivyofanya kwenye mafunzo. Umri, elimu, chumvi, mboga za majani. Swali la kumi na saba: Je, mzazi wako yeyote aliwahi kuambiwa na mtaalamu wa afya kwamba ana ugonjwa wa moyo, presha au kiharusi?

Nikaandika Hapana. Mkono uliandika kabla ya kichwa.

Na ni kweli. Baba hakuwahi kuambiwa. Hakuwahi kukanyaga zahanati. Nani angemwambia?

Nimekaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Nimewauliza watu swali hilo wiki saba. Wote Hapana. Wajane, yatima, wote Hapana. Wengine waliongeza: huyo alirogwa. Mwingine: huyo alianguka tu, Mungu alimtaka. Nikafunga, nikaenda swali la kumi na nane.

Jumanne, 25 Juni. Mbinga
Nimemwambia Dk. Salma. Mimi nina stashahada, yeye ana udaktari wa vitabu. Nilimweleza kwamba swali letu halimuulizi mtu baba yake alikufa na nini, linamuuliza kama baba yake alifika hospitali.

Alikasirika. Hakupaza sauti, akasema tu kwamba kaya za Lituhi zimekwisha, mafuta ya gari yamekwisha, na swali lilipitishwa na wakubwa. Nikatoka nje. Nilijuta kusema.

Saa kumi akaniita. Alikuwa amepiga simu kwa wenzetu wa Malawi kuuliza wao wanaulizaje. Karatasi yao ina swali lilelile. Ila wadodosaji wao waliona watu wanakwama, wakaanza kuongeza la kwao: mzazi alifarikije, siku zake za mwisho zilikuwaje. Hawakutuambia. Walidhani na sisi tunafanya hivyo.

Dk. Salma alivua miwani. "Dada Osmunda," alisema, "tulikuwa tunalinganisha maswali mawili, tukidhani tunalinganisha mataifa mawili."

Tunarudia. Kaya zote. Simu itatumika inapowezekana, miguu pasipowezekana. Kule ng'ambo watamtuma mtu wao aje atufundishe namna wanavyouliza.

Nimefurahi kama mtoto. Miguu yangu haijafurahi.

Jumanne, 2 Julai. Mbinga
Amefika. Bwana Chisomo, muuguzi kama mimi, mtu mzima, mrefu, ana sauti ya chini. Alivuka kwa meli mpaka Mbamba Bay. Kiswahili chake alikiokota Mbeya alikoishi miaka miwili. Njiani kule ufukweni alizungumza Chinyanja chake, bibi mmoja akamjibu kwa Kinyasa. Anasema walielewana vizuri kuliko anavyoelewana na sisi.

Tumefanya mazoezi. Njia yake ni ndogo sana. Anauliza, halafu ananyamaza. Anasubiri. Sisi tunajaza ukimya kwa swali linalofuata. Yeye anauacha.

Anasema na kwao watu wanataja uchawi. Habishani nao. Anauliza mkono ulikuwaje, mdomo ulikuwaje, alipumuaje, miguu ilivimba? Uchawi anauandika, na mkono anauandika.

Jumamosi, 6 Julai. Ukata
Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda na Bwana Chisomo kwa Ditram. Yeye ndiye mdodosaji, mimi nilikuwa wa kuonyesha njia tu. Ditram alikuwa akifua magunia. Nilidhani atatufukuza. Lakini mgeni katoka nchi nyingine, kavuka ziwa. Huwezi kumfukuza mgeni wa namna hiyo. Akaletewa kiti, maji, karanga.

Maswali ya mwanzo yalipita. Likaja la kumi na saba. Hapana, alisema Ditram. Bwana Chisomo akaandika, kisha akaiweka karatasi chini.

"Kaka, baba alifarikije?"

"Alirogwa."

"Pole sana. Na siku zile kabla, alikuwaje?"

Bwana Chisomo akanyamaza, akasubiri. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti na Agnella. Nilitaka kusema kitu, nikajizuia.

Ditram akaanza kusimulia. Sijawahi kuyasikia. Kwamba baba aliumwa kichwa toka mavuno ya mwaka wa kabla yake, kila asubuhi, akawa anafunga kitambaa kichwani. Kwamba siku aliyoanguka aliamka mkono wa kushoto hauna nguvu, kikombe kikamponyoka, na alipoita jina la Ditram lilitoka limepinda. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Ditram alidhani anatania. Akacheka. Baba akatoka uani, akaanguka.

Alipofika hapo alisimama. Akasema alicheka. Alirudia: nilicheka. Miaka kumi na moja amebeba hicho.

Sasa naelewa. Ilikuwa rahisi zaidi kumbebesha Kolman.

Bwana Chisomo hakusema ni kiharusi. Hakumfundisha. Alisema tu kwamba baba yake mwenyewe aliondoka hivyohivyo, mkono kwanza, halafu mdomo, kwenye uwanja wa kijiji chao, na yeye muuguzi alikuwa kazini hospitali akipima presha za watu wengine. Halafu akauliza kwa adabu kama angeruhusiwa kumpima.

Ditram alikunja shati.

Mia na tisini kwa mia na kumi na tano. Akapumzishwa, akapimwa tena, akapumzishwa. Mara tatu. Haikushuka.

"Ni kubwa?" aliniuliza mimi, si mgeni.

"Ni kubwa, kaka. Lakini wewe unaongea, na mikono yako yote ina nguvu. Tumewahi."

Jumapili, 7 Julai. Mbinga
Niliogopa kulala kwa mawazo. Hajafa. Nimepiga simu mara nne. Mara ya nne Agnella amesema anakula, niache kupiga.

Jumatatu, 8 Julai. Mbinga
Ditram amekuja mwenyewe kliniki. Nilimkuta kwenye benchi amevaa shati la kanisani. Daktari amemwanzishia vidonge, viwili, kila siku, hata akijisikia mzima. Hasa akijisikia mzima. Figo zimepimwa, ziko salama. Moyo umetanuka kidogo, hatujachelewa.

Alipotoka alishika karatasi kwa mikono miwili. Akauliza kama watoto wake nao watapata. Nikamwambia wanaweza kurithi, ila kurithi siyo kuhukumiwa. Wapimwe wakikua, wasilundike chumvi, wasivute. Akasema basi ni kama shamba, unarithi udongo, kulima ni kazi yako. Nimelipenda hilo. Sikumwambia.

Jumapili, 14 Julai. Mbinga
Dawa zinafanya kazi taratibu. Mia na sitini. Agnella ananitumia namba kwa simu kila jioni, mashine nimewaazima yangu. Ditram analalamika mboga hazina ladha. Mtu anayelalamika juu ya mboga ni mzima.

Kaya za marudio zimefika zaidi ya nusu. Majibu yamegeuka. Watu wanakumbuka. Mama alivimba miguu. Baba alikuwa hawezi kulala chali. Babu aliumwa kifua kuchoma mpaka mkononi. Wengine wanalia. Hatukujiandaa kwa vilio, tulijiandaa kwa namba. Dk. Salma ametuambia tukae na anayelia mpaka amalize, hesabu zitasubiri. Yeye, mwenyewe.

Ule ukuta wa tofauti kati yetu na Malawi unashuka. Hatuna damu safi kuliko wao. Wala chafu. Nadhani ni habari njema. Wanachojifunza wao kitatufaa, na chetu kitawafaa.

Bwana Chisomo anaondoka keshokutwa. Amenunua kahawa ya hapa kilo nne. Anasema kwao watamwuliza ameleta matokeo gani, atawapa kikombe kwanza.

Jumamosi, 20 Julai. Ukata
Ditram aliniita. Tulikuwa kwenye ukingo wa shamba, tukitazama mashimo ya ngoro, kilimo chetu cha miteremkoni. Hakunitazama. Akauliza kama kangara inaweza kufanya mkono ukose nguvu siku ya tatu.

Nikasema hapana.

Akauliza kama nina uhakika kwamba baba alikuwa na presha. Nikamwambia ukweli: sina. Kaburi halipimwi. Lakini dalili alizozisimulia yeye mwenyewe nimezisoma darasani na nimeziona wodini, na hazihitaji mchawi.

Moshi wa ng'ambo ya kijito ulikuwa unapanda.

Akasema: Jumamosi ijayo tunavuka.

Jumamosi, 27 Julai. Ukata
Tumekwenda. Ditram, Agnella, mimi. Kijito chenyewe unavuka kwa hatua sita.

Baba mdogo Kolman alikuwa nje, anachonga mpini wa jembe. Amezeeka. Nilijua angekuwa amezeeka, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Nikampa shikamoo. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akajibu, "Marahaba, mwanangu." Kama aliyeitikia jana tu.

Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Hatukwenda kuzika. Ameleta viti mwenyewe, kimoja kimoja, akakataa kusaidiwa.

Ditram hakuzunguka. Alisimama. "Baba mdogo, nilikusingizia. Baba alikuwa mgonjwa. Mimi niliona, na sikujua ninachokiona. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mzee aliendelea kuushika ule mpini. Nikadhani atatufukuza, na angekuwa na haki. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, siyo kwa Ditram, kwangu mimi.

"Wewe ni mganga wa hospitali. Niambie. Haikuwa kangara yangu?"

Sikuelewa. Akaeleza. Kwamba na yeye hakujua. Kwamba alipoambiwa amemuua kaka yake, alijua hakuroga, lakini pombe ni yeye aliyeipika. Alifikiri pengine chungu kilikuwa kibaya, pengine asali ilikuwa na sumu. Alikivunja chungu. Hajapika tena toka siku ile. Miaka kumi na moja alikuwa akijiuliza kama amemuua ndugu yake kwa mkono wake, na hakuwa na mtu wa kumuuliza, maana hakuna aliyekuja.

Hapo nililia. Mbele ya wote.

Nilimwambia haikuwa kangara. Nikamwambia polepole, kama ninavyomwambia mgonjwa, mishipa inavyobanwa, damu inavyosukuma ukuta wa mshipa mwaka hadi mwaka bila kuuma, mpaka siku moja upasuke au uzibe kichwani. Nikamwambia ingetokea hata kama baba angekunywa maji siku ile. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Ditram naye alisikiliza kama anayesikia kwa mara ya kwanza.

Mzee akafuta uso kwa kiganja. Akasema basi. Neno hilo moja.

Halafu akamuuliza Ditram anaichumaje kahawa peke yake, shamba lote lile. Wakaongea kahawa mpaka jua likaegemea. Hakuna aliyemtaja baba tena. Wakati wa kuagana mzee alisema Jumamosi hana kazi.

Jumatano, 31 Julai. Mbinga
Siku ya mwisho ya mradi. Rasimu imesomwa kwetu. Pande mbili za ziwa zinafanana kuliko tulivyodhani, na panapoachana, sehemu kubwa ni kliniki kuwa karibu au mbali. Swali la kumi na saba limeandikwa upya na litatumika hivyo Msumbiji, upande wa tatu wa ziwa, zamu yao ikifika. Dk. Salma amesema swali jipya ni la wadodosaji wote. Nilitaka jina langu litajwe. Naona aibu, lakini nilitaka. Baadaye alinishika mkono mlangoni, akaushika kwa muda. Imetosha.

Jumatatu nasimama tena Mpepai. Nitaanza na siku moja kwa wiki ya presha tu. Nimeshamwomba mganga mfawidhi, amekubali.

Jumamosi, 3 Agosti. Ukata
Tumechuma toka asubuhi mpaka saa tisa. Ukungu ulichelewa kuondoka. Ditram mia na arobaini na mbili kabla ya kwenda shambani.

Baba mdogo alikuja na kikapu chake mwenyewe. Anachuma taratibu, haachi hata punje iliyoiva, wala hagusi mbichi. Mistari yake inajulikana kwa macho.

Watoto wa Ditram hawakujua wamwiteje. Mkubwa ana miaka tisa, wote wamezaliwa baada ya kifo cha baba. Walimtazama kwa mbali kama wanavyotazama mgeni. Agnella akawaambia, huyo ni babu yenu.

Basi wakaanza kumwita. Babu, tazama hii. Babu, nimejaza. Babu, huku. Alikuwa anaitikia kila mara, hata walipomwita bure.